Kelleher hakustahili kuagwa kwa sentensi tatu

Mhariri,

Naandika nikiwa na hasira, na naomba unisamehe mapema kama nitavuka mpaka. Ukurasa wenu wa michezo nimeusoma tangu mwaka 2005, wiki ile Dudek, kipa wa Liverpool, alipoyumbisha miguu mstarini kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul, na kwa miaka 20 sijawahi kuwaandikia hata neno moja. Mmekosea matokeo, nikanyamaza. Mmebandika picha ya mchezaji huyu kwenye habari ya yule, nikanyamaza. Lakini habari yenu ya mwanzoni mwa Juni 2025, Caoimhín Kelleher, kipa wa pili wa Liverpool yetu, alipouzwa kwenda Brentford, imenishinda kumeza. Najua unaikumbuka. Ilikuwa chini kabisa, kushoto, sentensi tatu, na kichwa chake "Kipa wa akiba auzwa". Juu yake mliweka picha ya nusu ukurasa ya kiungo Florian Wirtz, ambaye siku hiyo alikuwa hata hajasaini Liverpool.

Akiba ni neno la heshima. Mtu huweka akiba kwa sababu anajua siku ya shida ipo njiani. Ninyi mmeliandika kana kwamba maana yake ni mabaki.

Kijana huyu alitoka Cork, Ireland, mwaka 2015, akiwa amecheza ushambuliaji utotoni kabla ya kuvaa glavu. Akapewa jezi namba 62. Akasubiri. Desemba mosi mwaka 2020 kipa namba moja, Alisson, aliumia, Ajax wako Anfield, uwanjani kwetu, mechi ya Ligi ya Mabingwa, na wote tuliona kwenye orodha jina ambalo wengi wetu hatukulitegemea. Tulishinda 1–0, na kichwa cha Huntelaar mwishoni alikipangua kama mtu aliyekuwa langoni kila wiki. Mwaka 2022 akatuvusha mbele ya Derby County kwa kuokoa penalti tatu, na usiku huo akawa kipa wa Liverpool aliyeshinda mikwaju ya penalti mara nyingi kuliko mwingine yeyote katika historia ya klabu. Mara nne. Katika klabu yenye makipa kama Clemence, Grobbelaar na Dudek, rekodi hiyo anayo mtu wa benchi, na katika sentensi zenu tatu haimo.

Fainali ya Kombe la Ligi ya 27 Februari 2022 sihitaji kukusimulia, ila nataka isomwe tena. Kocha Klopp alikuwa na Alisson mzima kabisa, lakini alimwacha Kelleher langoni kwa sababu ndiye aliyewafikisha Wembley. Alisema wazi kwamba hata mpira wa kulipwa unapaswa kuacha nafasi kidogo kwa moyo. Dakika 120 zikaisha bila bao. Chelsea wakamtoa kipa wao Mendy, wakamwingiza kipa mwingine, Kepa, maalumu kwa penalti, na Kepa hakuokoa hata moja. Wachezaji wote kumi wa ndani wa kila upande wakafunga. Ikabaki kipa kwa kipa. Kelleher akaenda kuuweka mpira, akaupiga kama straika aliyekuwa zamani, ukaingia. Kepa akapaisha. 11–10. Nyumbani kwangu nilipiga magoti mbele ya televisheni, na sioni haya kuliandika.

Wasomaji wengi hawajui kipa namba mbili anaishi vipi, na ninyi ndio mliopaswa kuwaeleza. Winga akikosa namba leo, kesho anaingizwa dakika ya 70, anakimbia, anajirudisha mchezoni. Beki akikaa benchi, kuna nafasi nne nyuma anazoweza kujaribiwa. Kipa ana mlango mmoja, na mlango huo una mwenyewe. Kila siku ya mechi anavaa glavu, anampigia mwenzake mashuti ya kupasha moto, anamkumbatia, anaenda kukaa. Wiki ishirini. Halafu dakika ya 30 ya mechi ngumu mwenzake anashika msuli wa paja, na watu 60,000 wanamgeukia yeye aliyepoa, bila pasi ya kuzoea, bila shuti la kwanza jepesi. Akikosea, anaambiwa ndiyo maana hachezi. Akidaka, anaambiwa Jumamosi mwenyewe anarudi. Msimu wa 2024/25 Kelleher alifanya yote hayo huku akijua kwamba tangu Agosti 2024 klabu ilishamnunua kipa Mamardashvili kutoka Valencia, imwache huko msimu mmoja kisha aje. Yaani kiti chake kilishapewa mtu, na bado akasimama langoni. Novemba 27, 2024 tunaongoza 1–0, Mbappé anaweka mpira kwenye penalti, Kelleher anaupangua, tunawafunga Real Madrid 2–0, ushindi wetu wa kwanza dhidi yao tangu 2009. Siku nne baadaye Manchester City nao 2–0. Sikatai, wiki hiyohiyo kule Newcastle aliuacha mpira akidhani unatoka, Schär akausukumia wavuni dakika ya 90, tukaishia 3–3. Nililia. Lakini mbona kosa hilo mliliandikia makala nzima, na mechi 10 za ligi alizocheza katika msimu wa ubingwa hamkuzitaja siku ya kumuaga? Kanuni inamtaka mchezaji mechi 5 tu ili apate medali ya ligi. Yeye ana mara mbili yake.

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili linanigusa hadi nyumbani. Februari 2024, baada ya fainali nyingine ya Wembley, ile ya bao la Van Dijk dakika ya 118 ambayo Kelleher alidaka mashuti mpaka Chelsea wakakata tamaa, nilichukua jezi ya kipa ya mwanangu nikaipeleka kwa mchapaji. Mwanangu ana miaka kumi na moja na ni kipa wa pili wa timu ya shule yao. Nikasema nataka KELLEHER 62. Kijana wa pale akacheka mbele ya foleni nzima. "Mzee, huyu si anakaa benchi? Muandikie Alisson, mtoto asije akachekwa." Mwanangu alikuwa ameshika mkono wangu, na nilisikia vidole vyake vinalegea. Nikasisitiza. Akafungua boksi la herufi, akahesabu, akasema jina hili lina E tatu na yeye amebakiwa na mbili. Mwishowe akatafuta E ya seti nyingine, ndogo kidogo kuliko wenzake, akaibandika bila kuipima, pasi ya moto haikukaa vizuri. Baada ya kufuliwa mara tatu ikang'oka. Mgongoni pakabaki KELLEH, pengo, halafu R. Mtoto aliivaa hivyohivyo msimu mzima. Shuleni walimwuliza ni jina gani hilo, akawaambia ni la kipa aliyefunga penalti ya kumi na moja. Sasa niambie, mhariri, yule mchapaji alijifunza wapi kwamba mtu wa benchi ni wa kuchekwa? Alijifunza kwenye ukurasa wako. Kila Jumatatu mnatoa alama kwa wachezaji, mpaka aliyeingia dakika ya 89 anapewa sita, na makipa wa benchi hata majina yao hayaandikwi.

Na hilo la majina nalo niliseme, maana limenikaa kooni muda mrefu. Watangazaji wetu wa redio na televisheni wamelitesa jina la kijana huyu miaka mitano. Caoimhín ni jina la Kiayalandi na hutamkwa karibu na "Kwivin". Si siri, dakika moja ya kuuliza ilitosha. Mmoja alimwita "Kaoimini" fainali nzima, mwingine akaona bora amwite "kipa wa Liverpool" dakika zote tisini. Watu haohao hawajawahi kuteleza kwenye Szoboszlai, jina la Kihungari. Ulimi wao hauna tatizo. Hawakuona kama mtu huyu anastahili jina.

Sitaki mniombe radhi. Nataka kila Jumanne mtenge robo ya ukurasa, upande wa kulia, juu, mbali na matangazo ya kubeti, kwa ajili ya kipa mmoja wa pili. Muandike amekaa benchi mechi ngapi, mara ya mwisho kucheza ilikuwa lini, na nini kilitokea siku hiyo. Jina lake lifuatiwe na namna ya kulitamka. Muanze na Scott Carson, aliyekuwa benchi la Liverpool fainali ya 2005 Istanbul, na miaka 18 baadaye akakaa benchi la Manchester City katika fainali ya 2023, mji uleule, akatoka na medali tena. Kisha Adrián, aliyesajiliwa Agosti 2019 na siku chache baadaye akaokoa penalti ya Abraham wa Chelsea iliyotupa Super Cup, hukohuko Istanbul. Wako wengi, hamtakosa cha kuandika hadi mwisho wa msimu.

Kwivin nilitaka kumuaga mwenyewe, lakini sina pa kumwandikia, kwa hiyo nayasema hapa. Ahsante kwa mechi 67. Kule Brentford mlango ni wako, na tarehe utakapokuja Anfield na jezi yao, mimi nitapiga makofi utakapotoka kupasha moto, kisha nitaomba tukufunge.

Na wewe mhariri, mkipata nafasi, toa picha ya usiku ule wa mechi na Real Madrid, kubwa, yenye namba 62 mgongoni. Mwanangu ameniuliza mara mbili kama itatoka. Ile E iliyong'oka ameihifadhi, na anasema ataibandika juu ya picha hiyo ukutani.

Msomaji wenu wa miaka ishirini