Anayepeleka taarifa polisi alindwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalokwamisha polisi jamii mitaani kwetu: mwananchi anayepeleka taarifa kituoni hana hakika kwamba jina lake litabaki huko.

Mwaka jana jirani yangu, mama mwenye genge, alikwenda kituoni kueleza habari za vijana waliokuwa wakivunja nyumba usiku na kuficha mali katika pagala lililo nyuma ya genge lake. Alihojiwa kaunta, mbele ya watu waliofuata shida zao, na kabla ya magharibi mmoja wa vijana hao alikwisha kufika gengeni, akanunua nyanya za shilingi mia tano na kumwuliza kwa upole kama huko kituoni alikotoka ni kwema. Hakumgusa. Lakini tangu siku hiyo sijasikia mtu wa mtaani petu aliyekwenda tena kusema alichokiona.

Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ilipitishwa tangu mwaka 2015, ila kaunta ya kituo haionekani kuifahamu. Mpango wa kupeleka wakaguzi wa polisi katika kata ni mzuri, kwa kuwa mkaguzi anaweza kupigiwa simu au kuonwa katika ofisi ya serikali ya mtaa bila mtu kuonekana akiingia kituoni. Lakini wa kwetu alihamishwa mara tu alipoanza kuzoeleka na kujua mjumbe yupi anaaminika. Michango ya ulinzi shirikishi, ambayo mapato na matumizi yake hatusomewi, nayo ina malalamiko yake, ingawa hayo yanastahili barua nyingine.

Watu wakikiogopa kituo, mwizi akikamatwa hapelekwi huko. Ndipo magazeti yanapoandika juu ya "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira hiyo imeanza asubuhi ile ile.

Naliomba Jeshi la Polisi litenge katika kila kituo chumba cha kupokelea taarifa za siri, limwache mkaguzi katika kata yake walau miaka mitatu, na limchukulie hatua askari anayevujisha jina.

Juzi nilimwuliza yule mama kama pagala lile bado lina wageni. Alinijibu kwamba siku hizi macho yake hayaoni vizuri usiku.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam