Mgeni wa Mombasa, onja maji kabla ya kulipa kodi

Mhariri,

Wanaohamia Mombasa kikazi huulizia kodi na umbali, wakasahau maji. Nyumba nyingi hapa hutegemea kisima, na maji yake huwa ya chumvi. Kabla ya kutoa amana, fungua mfereji, onja, kisha sugua sabuni viganjani. Povu likikataa, hata kufua utamaliza sabuni, na birika litashika ukoko mweupe upesi. Familia ya watu wanne itahitaji mtungi mmoja au miwili ya lita 20 ya maji matamu kila siku, ya kunywa na kupikia. Bei ya mtungi hadi mlangoni muulize jirani, si dalali.

Safari nayo ina hesabu yake. Feri ya Likoni hufurika asubuhi kuelekea kisiwani na jioni kurudi, hivyo anayeishi Likoni na kufanya kazi mjini hukutana na umati mara mbili. Anayefanya kazi Changamwe au Miritini, bara ya magharibi, asipange nyumba Nyali, bara ya kaskazini. Atavuka kisiwa kizima kila siku.

Waajiri, tafadhali wapeni wageni angalau wiki moja ya kutafuta nyumba kabla ya kuripoti kazini.

Mkaazi wa Tudor,
Mombasa