Mdogo wangu, kuhusu masikio ya mwanao

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, maana najua usiku ukimnyonyesha mtoto unapita humu kusoma. Hongera tena. Mama amenionyesha picha. Paji la uso ni la baba yetu, masikini wa Mungu, hana pa kulificha.

Nasikia siku hizi jina langu hulitaji, unasema "yule wa chanjo," kwa kuwa mtoto wako mkubwa alichanjwa na sikio likatoka usaha vilevile. Haya, yule wa chanjo aseme.

Sikukuahidi hata siku moja kwamba sindano ya nimonia itamaliza ugonjwa wa masikio. Nilisema inapunguza. Sikio la kati la mtoto lina maadui wengi. Yupo nyumokoko, bakteria aletaye nimonia, ambaye ndiye chanjo inamlenga, tena naye ana aina zaidi ya 90 na chanjo inakinga chache tu. Yupo hemofilusi, bakteria mwingine, yule asiye na ganda, ambaye hata chanjo ya Hib haimgusi, maana hiyo ni ya hemofilusi mwenye ganda. Yupo moraksela, bakteria wa tatu. Na kabla yao wote huja virusi vya mafua, vinavimbisha kijia kinachotoka puani kwenda sikioni, ambacho kwa mtoto ni kifupi na kimelala. Finland waliijaribu chanjo inayokinga aina 7 za nyumokoko, wakatoa matokeo mwaka 2001: maradhi ya sikio yaliyoletwa na aina hizo yalipungua kwa asilimia 57, lakini ukijumlisha maradhi yote ya sikio, asilimia 6 tu. Nyumokoko wa aina nyingine walijaza nafasi.

Nilikusomea hizo namba, ukacheka: "Sita ndiyo nini?" Kule California, watoto waliochanjwa waliohitaji kuwekewa vibomba masikioni walipungua kwa kama moja ya tano. Hiyo ndiyo nini. Na sikio ni faida ya pembeni. Chanjo ililetwa kwa ajili ya nimonia na homa ya uti wa mgongo, vinavyozika watoto.

Kinachonikaa kooni ni siku ile ya harusi. Ulikuja na mwanao begani, pamba imelowa usaha, ukasimama mbele ya wakwe zako na kunirushia kadi ya kliniki mapajani. "Soma! Ulisema nichanje, nimechanja, sikio linanuka. Sasa mponye wewe." Watu wakanyamaza. Shangazi akaanza kukagua kucha zake. Nilisoma, mdogo wangu. Nikaona tarehe. Nikaikunja kadi, nikakurudishia. Ningeweza kuzisoma kwa sauti nikamaliza maneno pale pale, sikufanya hivyo kwa heshima yako, si kwa kukosa jibu.

Sasa nazisema. Sindano ya kwanza alipata akiwa ameshapita mwaka, baada ya kuugua na kumeza antibiotiki tena na tena, kwa sababu kuna mtu alikwambia mtoto ni mdogo mno, usubiri. Uholanzi waliwachanja watoto wa mwaka 1 hadi 7 ambao masikio yalikuwa tayari yanawarudia. Matokeo ya mwaka 2003 hayakuonyesha nafuu. Bakteria walishajenga puani. Haikuwa bure, mapafu yake yana kinga, ila kwa sikio mlango ulikuwa umeshavunjwa. Mimi nilikuhimiza tangu ana wiki chache. Mama ni shahidi.

Huyu mchanga usimcheleweshe. Mpe kila dozi kwa tarehe yake, na ya surua pia, maana surua nayo huacha masikio yanatoka usaha. Endelea kumnyonyesha. Chupa usimwekee akiwa amelala chali. Na shemeji avutie sigara nje, si chumbani kwa watoto. Ndiyo, nimeyasema hapa, atanisamehe.

Huyo mkubwa, sikio likimrudia mara 3 ndani ya miezi 6, au mara 4 kwa mwaka, si la kutibiwa kwa matone ya dukani. Mpeleke kwa daktari wa masikio, na mwambie ampime usikivu. Siku ile ya harusi aliitwa na kuitwa akiwa ametupa mgongo, hakugeuka, ukamfinya ukasema ni mkaidi. Maji yakituama nyuma ya ngoma ya sikio mtoto hasikii vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nilimwona uso.

Kama hutaki niwasindikize, nenda na mama. Nimeshazungumza naye.

Dada yako