Shemeji, kabla hujarudi Hamsini na Saba

Shemeji, shikamoo.

Nimeliona tangazo lako kwenye grupu la familia. Desemba mnapanda hifadhi ya Kitulo, mnalala kwenye mahema, nafasi zimebaki mbili, atakayewahi ndiye. Watoto wa Mama Mkubwa wameshaanza kuuliza kama kuna simba. (Waambie hakuna. Kuna maua, ndege na baridi.) Mimi hukunialika, wala hukunitoa kwenye grupu. Simu zangu hupokei, na humo kwenye grupu siwezi kusema ninayotaka kusema kwa sababu Mama yumo. Blogu hasomi. Basi nakuandikia hapa.

Kwanza safari yenyewe. Desemba umepatia kwa maua, umekosea kwa barabara. Maua ya Kitulo yanaanza Novemba mvua zikishaingia na yanaendelea mpaka Aprili, kwa hiyo anayeyataka ayachukue na tope lake. Anayetaka barabara kavu aende Julai akute nyasi zimekauka na asubuhi umande umeganda. Haya unayajua, maana ni wewe uliyenifundisha. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba hiyo ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea, mwaka 2005. Wewe ndiye uliyeniinamisha kwenye nyasi ukanionyesha okidi isiyozidi kidole, ukanieleza kwamba viazi vya jamii zake ndivyo chikanda, vinachimbwa na kuvushwa Zambia kuliwa. Na nani mwingine angebishana nusu saa na askari wa hifadhi kwamba mlima Mtorwi umeuzidi Rungwe kwa mita moja, 2,961 kwa 2,960, kama vile ni timu yako imeshinda? Tulicheka mpaka yule askari akaketi.

Na maharage ya safari ile tuliyopanda wote. Dada aliyabandika saa kumi na moja jioni, tukaingia kwenye hema bado yanagongana sufuriani. Ukasema kwenye mita 2,600 maji yanachemka mapema, nyuzi 91 hivi, hayafiki mia, kwa hiyo kuongeza moto ni kumaliza gesi bure. Tukala mkate mkavu na chai. Ukanivua jaketi langu lililolowa, ukanipa koti lako, ukalala na sweta. Hilo sijalisahau, na hata sasa ninavyoandika kwa hasira nataka lisomeke.

Lakini tulishuka, Shemeji.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Matamba tulipita vizuri. Pale ukuta unapoanza, unapoiona Chimala chini kabisa na tambarare ya Usangu nyuma yake, nilikuambia uvute kile kigia kidogo cha pembeni tushuke na nzito, ile gia ya nguvu ya kwenda polepole. Ukasema nzito ni ya kupandia. Ukashuka na gia ya tatu, mguu kwenye breki kona hadi kona. Barabara ile haikuitwa Hamsini na Saba kwa utani, kona zipo 57, na kila moja inakurudisha ulikotoka, ila chini zaidi. Hakuna sehemu ya breki kupumua.

Harufu ilianza kabla hatujafika nusu. Nikasema, Shemeji, breki zinanuka. Ukasema ni klachi ya Fuso lililo mbele. Fuso lilikuwa linapanda kutoka Chimala na shehena yake, limejibana kwenye kona pana likisubiri tupite, na utingo ameshashuka, kigingi mkononi.

Halafu pedali ikazama. Niliuona mguu wako ukienda mpaka chini bila kukutana na kitu. Ukakanyaga tena, ukavuta hendibreki, gari likaanza kwenda kiubavu kwenye tope. Mlima ulikuwa upande wako. Korongo lilikuwa upande wangu na wa Dada, aliyekuwa nyuma yangu amesinzia, kichwa kwenye kioo.

Nikasikia mkanda wako ukifyatuka.

Watu nikiwasimulia wanashikilia habari ya mlango ulioufungua. Mimi mlango naweza kuusamehe. Mtu akiogopa mkono unakimbilia kitasa. Ila mkanda haufyatuki wenyewe. Unautafuta, unakibonyeza kile kidude chekundu, unaupisha begani. Ulifanya yote hayo, ndipo ukafungua mlango, na mguu wako wa kulia ukawa nje, soli imening'inia juu ya tope. Hukusema "rukeni". Hukumwita mkeo. Mimi ndiye niliyegeuka nyuma kumshika Dada goti, nikiwa sijui hata namshika ili iweje.

Gari lilisimama kwa sababu gurudumu la mbele kushoto lilipanda kifusi ambacho watu wa barabara waliacha bila kukisambaza. Uzembe wao ndio uliotuokoa. Yule utingo akaja mbio, yeboyebo moja imebaki kwenye tope, akajilaza upande wa korongo, akapachika kigingi chini ya tairi kwa kukigonga na jiwe. Kijana asiyetujua kwa jina wala kwa kabila. Yeye alikuwa anakuja kwenye gari wakati wewe unatoka.

Dada akaamka akauliza, "Tumefika?" Ukasema ulikuwa unachungulia tairi.

Tulikaa pale mpaka magurudumu yakapoa, tukashuka na nzito, polepole, na gari likatulia kabisa. Chimala ukatununulia chipsi mayai, ukaagiza na soda ya pili bila mtu kuomba. Yule kijana ulishampa elfu tano kule juu. Mpaka leo sijaamua kama ni nyingi au ni kidogo.

Sasa kwa kuwa mnarudi, na safari hii na watoto, nisikilize. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, au ndogo zaidi. Injini ndiyo ilishike gari. Breki iguse tu unapokaribia kona, kisha iachie. Oili ya breki ikichemka inatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, ndiyo maana pedali inazama hata kama breki zilipimwa gereji juzi. Kabla ya kuondoka badilisha oili hiyo, maana ikikaa muda mrefu inanyonya maji na kuchemka mapema. Piga honi kila kona. Anayepanda mwachie njia, hasa mwenye mzigo, kwa kuwa akisimama kuondoka tena ni shida. Mvua ikinyesha usiku, subirini Matamba jua litoke, hata mkilala siku nyingine. Au ingieni na kutokea Isyonje, barabara ya Tukuyu. Ni mzunguko, lakini hakuna ukuta ule.

Na pedali ikizama, elekeza gari mlimani. Kila dereva wa kule atakuambia hivyo: gonga mlima, usingoje korongo. Bodi inanyooshwa. Nimelifikiria hili mara nyingi mno. Mlima ulikuwa upande wako, Shemeji. Kuugonga kungekuwa kuugonga kwa mlango wako. Na huwezi kuugonga mlima kwa mlango ambao umeshaufungua ili utoke.

Wanasema nilikuaibisha kwenye ubatizo. Mama Mdogo amesema, Baba Paroko amesikia, hata yule jirani wenu mwenye bucha ananiangalia vibaya. Sikiliza. Nilikuja nimenyamaza, na nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nilibeba kreti, nikapanga viti, nikamshika mtoto wakati anamwagiwa maji. Ni wewe uliyesimama na maiki. Ni wewe uliyewaambia wageni jinsi ulivyolimudu gari mlimani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umemkinga mkeo. Mkono gani huo? Dada alikuwa siti ya nyuma! Watu wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, na mimi nimeshika sahani ya pilau. Nilisema maneno mawili tu: "Ulishuka mwenyewe." Sikupaza sauti. Kama muziki ulikuwa umezimwa wakati huo, sikuuzima mimi.

Ungesema tu uliogopa, ningekuletea soda mwenyewe. Mimi pia niliogopa, nani asingeogopa? Baba alipofariki wewe ndiye uliyeendesha kutoka Dodoma usiku kucha ukafika kabla ya kaka zetu wote, ukashika sepetu. Ada yangu ya muhula wa mwisho ulilipa wewe na hukumwambia mtu. Hadithi za kweli unazo nyingi. Kwa nini ulichagua ile?

Na Dada nimeshamuuliza, usidhani namzunguka. Anasema hakuona kitu, alikuwa amelala, tuyaache. Ila wiki iliyopita ameniuliza kama leseni yake aliyokatia kwa magari madogo inatosha kuendesha lile lenu. Nikamwambia inatosha. Mwachie usukani wakati wa kushuka. Anaendesha kwa utulivu kuliko mimi na wewe, na wewe ukae kushoto mbele uone barabara inavyoonekana kutoka huko.

Jambo la mwisho. Hema liko kwenu lakini mfuko wa nguzo uko kwangu, ulibaki chini ya kiti siku ile. Bila nguzo hizo mtalala kwenye gari. Nipo nyumbani kila Jumamosi kuanzia saa nane. Usimtume kijana wa bodaboda, na usimtume Dada, sitampa. Njoo mwenyewe.