Pedali ya sintesaiza haipigi gita yenyewe

Mhariri, salaam.

Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu wa barua kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba wapiga gita wa siku hizi wamekuwa watu wa kubonyeza tu, eti mtu anaweka pedali ya sintesaiza miguuni, kile kifaa kinachogeuza sauti ya gita iwe kama ya tarumbeta, vayolini na kadhalika, halafu mashine inampigia, yeye kazi yake kutingisha kichwa. Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika kidogo, manake hoja anayo ila kabisha hodi mlango usio wake.

Hoja yake ni hii, na namuunga mkono: ukisikiliza wapiga gita wanne wenye pedali ya aina moja, wote wanatoa ileile sauti ya angani inayoelea na mwangwi mrefu usioisha. Kweli inachosha. Lakini kosa si la pedali jamani, ni la mtu aliyeishia kwenye sauti za kiwandani, zile zinazokuja tayari ndani ya pedali. Zile zimetengenezwa kuuza mashine. Mnunuzi anaijaribu akiwa peke yake, kwa hiyo wameijaza mwangwi na dilei, ile inayorudiarudia noti, mpaka noti chache zikipigwa pamoja zinajaza chumba kizima, naye anajiona hapa amepata. Sasa ingia nayo kwenye bendi yenye besi na kinanda na drams, yote inageuka ukungu, husikii noti hata moja.

Mi nilipoacha hizo ndo nikaanza kujifunza. Unachagua namba tupu, yaani nafasi ya pedali isiyo na sauti iliyotengenezwa, unazima mwangwi, unazima dilei, unabaki na wimbi moja kavu linalokera masikio, halafu unaanza kuchonga. Wimbi la msumeno lina harmoniki zote ndani yake, yaani zile sauti ndogo za juu zinazoambatana na noti, ndo maana ukitaka tarumbeta au vayolini unaanzia hapo. La mraba lina zile za namba witiri tu, linatoka na uwazi fulani kama klarineti. Wimbi la sain halina kitu zaidi ya noti yenyewe, laini, nzuri chini ya gita lenyewe kuongeza uzito. Baada ya hapo unakuja kwenye filta, sehemu inayochuja sauti kali za juu, na hapa mtu anaweza kukaa siku nzima, kwa sababu filta ikifunguka taratibu baada ya kugonga uzi unapata mdomo wa tarumbeta unaoanza kupuliza, ikifunguka haraka na kufunga hapohapo unapata ile "kwak" ya besi za disko, na tofauti kati ya hizo mbili ni nobu moja iliyozungushwa kidogo sana.

Na sasa nimwambie huyo ndugu kitu ambacho nadhani hakijui. Filta hiyo mara nyingi inasikiliza mkono wako. Ukigonga kwa nguvu inafunguka sana, ukigusa polepole inafunguka kidogo, na kuna nobu ya kuiambia nguvu za mkono huu ni kiasi gani. Mwenzangu mmoja alinipa sauti yake tamu kabisa, nikaiweka kwenye pedali yangu ileile aina moja na yake, ikatoka kama mtu mwenye mafua. Pikapu zake, zile sumaku za gita zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zina nguvu kuliko zangu, yeye anatumia pleki ngumu mi napiga kwa vidole. Ni kama kuvaa koti lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Sasa kama mashine ndo inapiga, kwa nini ilikataa kunipigia mimi?

Halafu kuna suala la kuchelewa. Uzi wa sita, ule mnene wa chini kabisa, ukiwa wazi unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, yaani mtetemo mmoja tu unachukua milisekunde 12 hivi, na mashine inayotafuta ni noti gani inabidi isubiri angalau huo mmoja uishe, mara nyingi zaidi ya mmoja, ndo itoe sauti. Uzi wa kwanza ni kama mara 330, huko jibu linakuja chapchap. Kwa hiyo ukipiga mistari ya kasi kule chini unasikia inakuvuta nyuma. Dawa ninayotumia ni kupiga noti ileile oktava moja juu, pale inapotetemeka mara mbili zaidi, na kuiamuru mashine ishushe, au sauti za nyuzi za chini nazipa mwanzo wa polepole ili kuchelewa kusionekane. Na usafi wa mkono! Kwenye mashine inayotoa noti moja tu kwa wakati ukigusa nyuzi mbili kwa bahati mbaya inapata kwikwi mbele za watu. Hakuna mwalimu mkali wa kidole cha kushoto kama pedali hii.

Wala si kitu cha jana. Kampuni ya Roland walitoa sintesaiza ya gita GR-500 mwaka 1977, kabla hata MIDI, lugha ya kuunganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki, haijatoka mwaka 1983, na mpiga gita wa jazi Pat Metheny kaishika GR-300 miaka na miaka mpaka watu wanamtambua kwa sauti hiyo. Zamani mara nyingi ilibidi ufunge pikapu maalum inayosoma kila uzi peke yake, lakini kwa pedali kama SY-300 waliyotoa Boss mwaka 2015 unachomeka gita la kawaida kwa kebo ya kawaida. Huo urahisi ndo umeleta uvivu, hapo nakubali.

Nisijifanye mjuzi pia. Niliwahi kukesha natengeneza sauti moja mpaka alfajiri, nikahamia namba nyingine bila kusevu, ikayeyuka, na mpaka leo sijaipata tena. Nyingine nilizitengeneza usiku kwa sauti ya chini nisiamshe watu, kufika jukwaani kwenye spika kubwa besi ikafunika kila kitu, manake sikio linasikia besi kivingine sauti ikiwa juu. Siku hizi hatua ya mwisho nafanya kwa sauti ya jukwaani, majirani wanisamehe.

Namuomba mwandishi wa ile barua aazime pedali ya mtu hata kwa siku chache, achague namba tupu, ajaribu kuifanya ilie kama zumari. Asitumie ya kiwandani. Mi imenichukua wiki tatu na kwenye uzi wa sita bado inakoroma.

Msomaji wenu, mpiga gita