Maboksi ya TV yaandikwe ukweli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi wa TV hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wangu ni wavuvi, walimu, mama lishe na vijana wa bodaboda, watu ambao TV mpya wanainunua kwa hela ya kikoba iliyodunduliziwa mwaka mzima. Ndiyo maana naumia nikiona wanavyouziwa maneno.

Juzi mama mmoja anayeuza samaki pale Deep Sea aliniletea flati skrini yake mpya, nailoni bado imeganda kwenye fremu. Kwenye boksi imeandikwa inchi 43, na pembeni stika kubwa ya dhahabu: 4K. Shida yake ni kwamba akikaa kwenye kochi, namba za matokeo ya mpira hazisomeki vizuri, na picha ya YouTube ina ukungu. Nikachukua futi, nikapima kioo kutoka pembe ya juu kushoto mpaka pembe ya chini kulia, bila fremu. Sentimita 100. Inchi 43 ni sentimita 109. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikasoma namba ya kioo chenyewe: ni cha nukta, yaani vile vidoti vinavyounda picha, 1366 kwa 768. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, karibu mara nane ya hizo. Mama wa watu hakugomba. Aliniuliza tu, "Sasa fundi, hiyo 4K waliyoandika ni ipi?"

Nilimweleza. TV ya namna hiyo inaweza kupokea video ya 4K, kisha inaipunguza mpaka itoshee kwenye kioo chake. Kwa hiyo muuzaji akibanwa anasema "inakubali 4K", na kweli inakubali. Lakini ni mnunuzi gani wa kawaida atajua tofauti ya kukubali na kuwa nayo? Huo kwangu ni udanganyifu, hata kama umeandikwa kwa ujanja.

Wasomaji wenzangu, ukienda dukani usiulize inchi na bei peke yake. Uliza kioo kina nukta ngapi, na akuandikie kwenye risiti ya EFD. Akisita, hama duka. Nenda na futi yako, usione haya. Beba flashi yenye picha za maandishi madogo, uichomeke, usogee hatua tatu nyuma usome. Zile video za maua na samaki wa rangi zinazochezwa dukani zimetengenezwa ili kila TV ipendeze. Na kama nyumbani ni king'amuzi tu, 4K haina haja: vituo vyetu vingi havirushi picha za kiwango hicho. TV ya Full HD, yaani nukta 1920 kwa 1080, ya kampuni ambayo vipuri vyake vinapatikana, itakufaa zaidi ya "4K" ya stika.

Kuhusu zile TV za vioo viwili, zenye kioo cha ziada mbele cha kukinga skrini, kwa nyumba yenye watoto wanaorusha mpira sebuleni nazipenda. Ila ziwekwe mbali na dirisha, maana kile kioo cha mbele kinarudisha mwanga kama kabati la vyombo.

Jambo jingine ni taa za ndani, zile zinazomulika kioo kwa nyuma. TV nyingi ninazoletewa zina sauti lakini picha imekuwa giza, na ukizifungua unakuta taa zimeungua. TV za bei ya chini nyingi hutoka dukani mwanga ukiwa umewekwa mpaka mwisho ili zing'ae. Ukifika nyumbani chukua rimoti, punguza mwanga hadi nusu. Macho yatazoea siku hiyohiyo, na taa zitadumu.

Na waranti isomwe kabla ya kutoa hela. Nyingi nilizoziona zinasema mwaka mmoja, halafu kwa maandishi madogo zinasema kioo hakimo kwenye waranti. Kioo ndicho TV yenyewe! Kikipasuka, bei ya kukibadili inakaribia ya TV mpya, na mara nyingi namshauri mteja asihangaike.

Tangu nchi yetu ipewe uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, wengi wananiuliza TV kubwa za kutazamia nyumbani. Naiomba TBS, shirika letu la viwango, ilazimishe kila boksi liandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, urefu wa kioo kwa sentimita na idadi ya nukta za kioo hicho. FCC nao, wanaokamata bidhaa bandia, waziangalie na hizi stika za dhahabu.

Na wewe Mhariri, nakuomba umtume mwandishi wako Kariakoo na futi mkononi, apime TV kumi za maduka tofauti, kisha mtuchapishie alichokikuta.

Fundi TV,
Ngamiani, Tanga