Yah: Malalamiko kuhusu maneno "Rafiki wa Bahari" kwenye makopo yenu ya jodari

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nimekuwa nikinunua jodari wenu wa kopo kwa sababu ya picha ya pomboo na maneno "Rafiki wa Bahari" yaliyo juu yake. Niliwaandikia kuuliza: huyu ni jodari wa aina gani, amevuliwa bahari ipi, na kwa zana gani? Mkanijibu kwamba mnathamini mazingira na kwamba samaki wenu ni salama kwa pomboo. Hilo silo nililouliza.

Alama ya pomboo ina asili yake. Katika Pasifiki ya mashariki, jodari wakubwa huandamana na makundi ya pomboo, na meli zilikuwa zikiwazingira wote kwa wavu mmoja. Pomboo wakafa kwa wingi, hadi Marekani ikatunga sheria ya alama hiyo mwaka 1990. Ilikuwa hatua njema. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu kasa wala papa, wala kama jodari wenyewe wamebaki wa kutosha.

Zana ndiyo inayoniumiza zaidi. Jodari wengi wa makopo huvuliwa kwa nyavu kubwa za kuzingira, mara nyingi penye maboya ambayo meli huyaacha yaelee makusudi, maana samaki hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea. Wavu ukikazwa hapo haubagui: hubeba jodari wa mistari (Katsuwonus pelamis), ambao hukomaa upesi, na pamoja nao watoto wa jodari wa mapezi ya njano ambao hawajazaa hata mara moja, na papa waliokuja kuwinda. Mvuvi wa mshipi huvua mmoja mmoja, na asiyemtaka anaweza kumrudisha majini akiwa hai. Njia zote mbili zinaishia kwenye kopo lilelile, na mimi mnunuzi sina namna ya kuzitofautisha msiponiambia.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki wa baharini zinavuliwa kupita kiasi; mwaka 1974 ilikuwa asilimia 10. Katika hali hiyo, kuandika "rafiki" bila ushahidi ni kumpotosha mtu anayejitahidi kula bila kuangamiza. Na kama kweli mnavua kwa njia njema, kwa nini mnaificha?

Ninaomba mwandike kwenye kopo aina ya samaki kwa jina la kisayansi, eneo la bahari na zana iliyotumika, na kama mna cheti cha mkaguzi asiye wa kampuni yenu, mkitaje. Kama hamna taarifa hizo, yaondoeni maneno "Rafiki wa Bahari" hadi mtakapozipata. Nasubiri jibu la maandishi, na hadi hapo sinunui tena bidhaa hiyo.

Wako,
Mteja